Pana

Kilipokuwa kiwanda cha nyuzi, hapa Łódź,
siku hizi ni maduka, na mbele ya maduka uwanja
wa mawe yaliyosuguliwa hadi njiwa wanateleza.
Ni mpana, hilo sikatai.
Benchi lipo. Limetiwa chuma katikati,
mwiba wa samaki kooni,
asije mtu akajinyoosha.

Bi Bogumiła halitaki.
Huja na kiti cha jikoni, mguu mmoja umegangwa kwa kamba,
akakitua penye jua, hilo jua la Machi
lisilokausha hata soksi,
akamenya mbegu za alizeti.

Mlinzi Zenon akamwonyesha kwa ncha ya kiatu
utepe wa shaba uliolazwa kati ya mawe:
huku mji, huku kampuni.
Kiti chako, mama, miguu miwili ya nyuma
imeingia kwa wenyewe.

Akauinamia ule utepe kama mtu anayesoma bei.
"Mashine yangu ilikuwa pale wanapouza manukato.
Miaka kumi na tisa nilisimama.
Leo nimekuja kukaa."

Nami, nikilivusha neno lake kuja katika lugha yangu,
nikakwama papo hapo: kukaa.
Kwetu anayeketi na anayeishi
wanagawana kitenzi kimoja.
Aliyechora uwanja ule
sijui angekifunga wapi chuma chake.

Alisogeza kiti shubiri moja. Basi.
Kesho yake vilikuwa viwili; cha pili
alikuja nacho mwanafunzi wa fidla, mfukoni hana bei ya kahawa.
Juma la pili nilihesabu saba, na kreti ya bia,
na mtoto mchanga ananyonya
bila mtu kumuuliza mama yake amenunua nini.

Sisemi walishinda.
Alhamisi mipira ya maji ilifunguliwa tangu saa mbili asubuhi,
eti mawe yanaoshwa.
Yalioshwa Ijumaa pia.
Jumamosi kilirudi kimoja, cha kamba,
na pembeni yake stuli tupu, imelowa.

Jioni Zenon alitoka zamu,
koti la kazi amelikunja ndani nje, nembo isionekane.
Alizunguka mara mbili. Akasafisha koo.
"Pana mtu hapa?"

Bi Bogumiła akapangusa stuli kwa kiganja,
maganda ya alizeti yakaruka pande zote mbili za shaba.
"Sasa pana."