Gololi Kumi na Nane

Jumamosi jioni nazisugua kucha
kwa mchanga, kwa ndimu, kwa sabuni ya unga,
Eudosia akinicheka mlangoni:
"Hiyo grisi ndiyo kabila lako, Kihiyo."
Haitoki. Jumapili naipeleka altareni,
mkono wa kuume juu ya wa kushoto,
na Mkate unawekwa pale pale penye weusi.

Nina meza moja Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili,
pampu, beseni la kutafutia tundu,
spana tatu za urithi na moja ya mkopo.
Tanga hii kila nyumba ina baiskeli,
na kila baiskeli ina siku yake ya kugoma.

Zamani nilidhani kazi ya Mungu huvaa kanzu.
Hii yangu niliiona kusubiri tu,
siku sita za kuvuka nifike ya saba.
Na mtu anayesubiri hakazi nati sawasawa.

Ndipo ikaja ile ya Bi Mwanahawa wa Chuda,
muuza vitumbua, ndoo mbele, ndoo nyuma.
Gurudumu la nyuma limelegea. Akalipia gololi mpya.
Nikaosha za zamani kwa mafuta ya taa
zikang'aa. Nikazirudisha. Nikafunika kwa grisi.
Nani hufungua habu kutazama?
Akanishukuru. Akaniachia vitumbua viwili,
nikavila hapo hapo, vingali vya moto.

Wiki ile sala ilinikwama kooni
pale penye mkate wetu wa kila siku.
Nikaruka. Nikaenda kwenye deni zetu,
nako kukakwama.

Mahubiri yalihusu jambo jingine kabisa,
mchango wa mabati, nadhani. Mimi nilikuwa Nazareti,
ndani ya ile miaka ambayo hakuna aliyeiandika,
nimeshika kigoda alichokitengeneza Yeye.
Nikakipindua, nikatazama chini,
upande ambao mkaaji haoni.
Kilikuwa kimepigwa randa hata huko.

Jumatatu sikutandika meza.
Nikaenda Chuda kwa miguu, gololi mpya
zimefungwa kwenye karatasi ya daftari.
Maneno niliyoyaandaa yalikuwa mengi; yakatoka mawili:
"Nilikuibia, mama."
Bi Mwanahawa akaweka upawa chini.
"Kumbe ndiyo maana ilikuwa inalia!
Nami nikidhani nimezeeka, barabara imerefuka."
Hakucheka sana. Wala hakukasirika sana.
Alinisogezea kigoda, akanisimamia hapo
akihesabu kwa sauti, moja moja,
tisa huku, tisa kule.
Vitumbua hakunipa.

Grisi bado haitoki.
Ndimu nimeziacha, zimepanda bei.
Leo mtoto wa shule ameleta gurudumu linaloyumba;
nalizungusha, nagonga spoki nikisikiliza
ipi inaimba na ipi inanuna,
nakaza robo hapa, nalegeza robo pale.
Sijui kama hii ni sala. Midomo imefumba,
imebana nati mbili.
Linapozunguka bila kugusa popote
huwa nasema Amina, kimoyomoyo,
maana mteja akisikia atadhani nimemaliza,
na bado breki.