Parafujo ya Mizani

Kongowea alfajiri, malori yanapofika,
Vitunguu vya safari, magunia yakishuka,
Mkanyika yu tayari, meza nimeshaiweka,
Juu yake natundika chombo changu cha mizani.

Aliniuzia Nzai, akihamia Mtwapa,
Asema, "Haikatai, ukiikazia hapa;
Kilo yake haijai, mnunuzi atalipa."
Akacheka, akanipa siri hiyo mkononi.

Ikapita myaka sita, sikuigusa kabisa,
Jumapili nikipita mlangoni pa kanisa,
Mwaminifu nikijita, kana kwamba nina hisa,
Hisa zangu, kama pesa, kwenye benki ya mbinguni.

Ndipo kazi ya Mwakio Changamwe ikasimama,
Kodi ikawa kilio, ada ya shule lawama,
Hapakuwa kimbilio, mkopo ulishakwama,
Niliomba kila juma; Bwana kimya, simuoni.

Nikatwaa changu kisu, nusu duru nikakaza,
Gramu mia tu, si nusu, nani atazichunguza?
Kwani Mungu yamuhusu mambo haya ya kuuza?
Tangu hapo nikauza kilo pungufu.

Msomaji, umeona mstari umepungua?
Mama wa watu, mchana, kikapu akichukua,
Hakuhisi, hakunena, alilipa kwa murua,
Ila mimi nalijua pengo lile kikapuni.

Bi Mwanasiti wa Junda, muuzaji wa bajia,
Kwingine hataki kwenda, kwangu hujinunulia.
Mara shoga yake, Tunda, "Pimisha!" akamwambia.
Kacheka, akatulia: "Huyu? Huyu ana dini.

Si wa msikiti wangu, huyu kwake ni kanisa,
Lakini amcha Mungu, hana hila, hana visa."
Nikasikia uchungu, kama wembe wanipasa,
Nikazipokea pesa, makaa ya kiganjani.

Sikuisikia radi, wala sauti ya mbingu,
Ni lile tu la shahidi asiye wa dini yangu.
Kumbe ulinena, Mungu, kwa kinywa cha mtaani.

Kesho yake sikungoja, nikairudisha nyuma,
Nusu duru, pigo moja, kikalia kile chuma.
Mara Siti naye kaja, nikampimia vyema,
Na deni la kila juma nikalitia kapuni.

Nikamwambia ukweli, Siti akanitazama,
Hakusema neno kali, wala neno la huruma,
Akajitenga kwa mbali, wiki mbili akahama,
Nikabaki nikihema, peke yangu kibandani.

Imani, nilidhania, ni shangwe za Jumapili,
Kumbe ndizo gramu mia zikirejeshwa kamili;
Ni kuomba, kisha pia kufanya kazi halali,
Hata ikiwa ugali hauna kitu kandoni.

Mwakio sasa hupata kibarua cha Shimanzi,
Siku nyingine hupita, arudi bila ya kazi,
Ada nayo twaikata kidogo kwa kila mwezi.
Muujiza sio wazi, lakini tuko nyumbani.

Juzi, Siti karejea, kikapu akafungua,
Neno hakunitolea, kidole akainua,
Mshale kautegea jicho, hadi ukatua.
Mbili sawa. Kachukua, akalipa kwa makini.

Sasa hunipima, naye; nami sioni vibaya.
Bwana, kila anijaye na apime, sina haya,
Na kisu nikitumiye kwa maganda, si mabaya.
Kesho nitaanza upya: sala, halafu mizani.