Sarafu ya Kioo

Mwepu aliingia na sarafu ndani ya soksi.
Wiki nzima ameisugua kwa jivu na ndimu
hadi shaba ikawa nyekundu kama ufizi wa mtoto.
"Tazama, Baba Lwamba. Hii ni ya kioo.
Nipe bei yake."

Lwamba hutengeneza saa pale Kamalondo,
kibanda cha mabati, mlango mmoja na nusu.
Mimi nilikuwa nangoja mkanda wa saa yangu.
Aliweka kando saa ya padri, tumbo wazi,
akabana lenzi jichoni,
akaigeuza sarafu mbele ya dirisha
mara mbili tu.
"Umeichuna," alisema. "Pole."

Kisha, kwa kuwa mtoto hakuondoka:

"Kung'aa si hoja.
Sufuria ya mke wangu inang'aa.
Uliza ilizaliwaje.
Hizi za sokoni huzaliwa kama mvua ya mawe,
mashine haitazami, pa, pa, pa,
zinaangukiana kwenye ndoo moja, zinachubuana
kabla hazijajua jina la nchi yao.
Ya kioo huitwa peke yake.
Kibati chake kitupu kimesuguliwa
hadi fundi akaona ndevu zake humo,
na muhuri nao umesuguliwa,
ndipo unashuka. Unanyanyuka.
Unashuka tena, palepale,
kama mtu anayerudia kiapo
wasije wakasema hawakumsikia.
Ndiyo maana uwanja wake ni maji yasiyo na upepo
na msalaba umesimama juu yake mweupe,
utadhani umenyunyiziwa unga wa bukari.
Zamani walipiga chache kwanza, za kumwonyesha mkubwa:
muhuri uko sawa, haya, tuendelee.
Ithibati, basi.
Haikukusudiwa kununua chumvi."

"Na ikinunua?"

Lori la mawe ya shaba lilipita nje
na saa zote ukutani zikatetemeka,
hata zile zilizokufa.

Lwamba akavuta droo.
Kopo la dawa ya kikohozi, pamba, na ndani ya pamba
moja.

"Baba alipewa siku anaaga kiwanda cha kuyeyushia,
kisanduku cha mahameli, hotuba, soda ya moto.
Mwaka uliofuata pensheni haikuja.
Mama akaitoa kwenye mahameli
akaenda nayo soko la Kenya, kaifumbata njia nzima.
Muuza unga hakuitazama mara mbili.
Aliipokea kwa bei iliyoandikwa juu yake.
Kibaba kimoja, nacho hakikujaa.
Tulikula.
Siku ya tatu Baba akaenda kuikomboa
kwa saa yake ya mkononi."

Akaielekeza kwenye mwanga.
Juu ya ule uwanja, pembeni mwa msalaba,
dole gumba. Mistari yote, hata kovu dogo la kisu,
imeng'ata shaba, rangi ya chai.

"Mtu mmoja wa Likasi alitaka kuisafisha.
Haitoki. Jasho hula shaba polepole,
ukija kuliona limekwisha kula.
Nusu ya bei imekwenda. Labda zaidi."

"Basi si ya kioo tena," Mwepu akasema,
kwa furaha kidogo, nadhani.

"Nani kakwambia?
Ya kioo si cheo, useme atavuliwa.
Ni namna ilivyopigwa.
Ikwaruzwe, inunue unga, ilale kwenye kiganja chenye hofu,
ilipigwa mara mbili, na hakuna wa kuipigua.
Yako isugue mpaka Krismasi."

Mwepu akairudisha yake ndani ya soksi.
Nililipa mkanda kwa noti laini kama matambara
na Lwamba akazihesabu bila kuziangalia.
Mlangoni mtoto akageuka.
"Mama yako aliitwa nani?"

"Feza," alisema Lwamba,
akacheka puani,
akaivuta karibu saa ya padri.