Cha Leo

Dukani Kodiak, mvua haijakatika tangu Jumatatu,
mama alitoa samoni mbichi mkobani
kama mtu aliyempeleka mwana kupimwa viatu.
Mimi nikajitia kusoma bei za misumari.

"Hii inanyonya hewa yote," alisema Everett, muuzaji.
"Hewa sina ugomvi nayo. Maji ndiyo yanayonitia hasara.
Mfunge huyu, na ute wake, nione."

Ile ya bei rahisi ilinguruma, ikanywa majimaji ya samaki,
ikakohoa,
ikazima.
Ya pili, ndefu kama jeneza la paka, ilifunga mara mbili,
plastiki ikakumbatia mnofu mpaka miiba ikahesabika.

Everett akatabasamu. Mapema mno.
Mama aliuliza mifuko ni kiasi gani,
akapiga hesabu kiganjani kwa ukucha:
samaki arobaini, misimu mitatu, baba na boti yake mbovu.
"Mashine utaniuzia mara moja," akasema,
"mifuko utaniuzia mpaka nife."

Tukatoka na ile ya katikati, iliyochubuka ubavu,
isiyobagua mfuko wa kampuni yoyote.

Usiku yeye alifunga, mimi nikaandika kwa kalamu nene
Agosti, Agosti, Agosti,
friza ikajaa hata mfuniko ukagoma.
Kipande cha mwisho, cha tumboni, chenye mafuta,
nilikuwa nakitia mdomoni mwa mashine
mama akanishika mkono.
"Hicho kiache kipumue, Crisanto,"
akaroweka ukwaju, akawasha jiko.
"Hicho ni cha leo."