Chupa za Ukungu

Kijijini kwetu, katika bonde la mto Po,
Novemba huingia bila hodi
na ukungu hukaa mezani kama shemeji asiyejua kuaga.
Watu hutembea wakipapasa kuta.
Mbwa hubweka, hawajui wanambwekea nani.
Mwaka mmoja padre alisimama uwanjani
akamuungamisha fahali wa Ovidio,
akashangazwa na kimya chake kirefu, akamsamehe.

Ermete Bolzani hakuwa na shamba wala cheo.
Alikuwa na baiskeli isiyo na breki
na jina, Mjinga,
tulilomchangia sote, kila mtu herufi yake.
Siku alipotumbukia mferejini, baiskeli na yote,
tulimvuta, maji yakimchuruzika masikioni.
"Humo ulikuwa unatafuta nini?"
"Nilitaka kujua kama bado upo," akasema.
"Hakuna aliyeuona tangu Jumanne."
Tulicheka hadi Iolanda akamwaga kahawa ya watu watatu.
Hatumcheki, tulisema, tunacheka naye.
Yeye alikuwa anakamua soksi.

Ndipo akaanza na chupa.
Alfajiri, juu ya tuta la mto, ungemwona
(kama ungeona chochote)
akiinua chupa tupu za jamu, akizifunika upesi
kama anayekamata nzi,
akibandika karatasi: Ukungu halisi, tarehe saba.
Wa tarehe kumi na mbili ulikuwa ghali zaidi.
"Huo ulishuka mzito," alieleza. "Una mafuta."

Alcide mwenye duka la dawa,
aliyesoma Bologna na hakuturuhusu tusahau,
alipanda juu ya kiti pale baa akatunga papo hapo:

    Chupa ameziba vyema,
    kichwa ameacha wazi;
    akili zikamhama,
    ukungu ndio mkazi.

Baa nzima ikapiga meza.
Mimi nilipiga kwa ngumi mbili,
nikamwomba arudie, nikaandika nyuma ya risiti.

Jumapili Alcide akamfuata sokoni, sisi nyuma yake
kama watoto nyuma ya bwana harusi.
Akachukua chupa ya tarehe saba, akaielekeza juani.
"Hamna kitu humu."
Akaifungua. Akachungulia kwa jicho moja. Akaipindua, akaitikisa.
Ermete hakusema neno. Aliinua macho
akafuatisha kitu kikipanda, polepole,
kikipita paa la mwokaji mikate, kikipita kengele ya kanisa,
na sisi sote, Mungu atusamehe, tukainua vichwa kutazama.
Kisha akanyoosha kiganja.
"Umeuachia. Euro nne."

Nilikisikia kicheko kikihama,
kama ndege watokapo mti huu kwenda ule.
Alcide alilipa kwa noti ya tano, hakungoja chenji.
Mjinga akierevuka, walinena wahenga,
mwerevu yu mashakani.
Ila wahenga hawakutuambia
sisi wapiga meza tuko wapi.

Kufika Februari kila dirisha lilikuwa na chupa.
Iolanda alimpelekea kaka yake kule Rosario,
ng'ambo ya bahari miaka thelathini.
Akajibu kwa mstari mmoja: Nimeifungua. Inanuka nyumbani.
Hakuna aliyetunga shairi kuhusu hilo.

Mwaka wa tatu Ermete aliacha biashara.
Nilimvizia penye daraja, nikamuuliza kwa sauti ya chini,
mtu mzima na mwenzake,
kama kweli aliwahi kuamini kuna kitu mle.
Alinitazama kwa huruma ninayoifahamu,
maana ndiyo niliyomtazama nayo miaka yote.
"Wewe je," akasema, "ulinunua ngapi?"

Tisa.
Nane nimezigawa, kwa mzaha, nasema, kwa mzaha.
Moja iko juu ya kabati, ya tarehe kumi na mbili.
Juzi mke wangu aliishusha atie nyanya,
kifuniko tayari mkononi mwake,
nikaruka kutoka kitini, mimi, mcheka watu,
na kabla akili haijanifikia ulimi ulishatangulia:
"Taratibu! Imejaa."