Kaunta Buku

Miaka ishirini na sita niliandika majina
kwenye rejista ya mahabusu:
jina, kosa, tarehe, dole gumba.
Safu ya "kutoka" niliijaza kwa penseli
maana nilijua watarudi.
Udongo uwahi ungali maji, husema watu.
Mimi nililipwa kuhesabu vigae.

Sasa nina daftari jingine,
jalada jekundu, nimelinunua kwa kiinua mgongo.
Linakaa juu ya pipa, karakana ya Sifaeli, Unga Limited,
linanuka rangi ya mafuta,
na cheche zimetoboa ukurasa wa nane.

Lomayani aliletwa Jumanne,
miaka kumi na mitano,
saiti mira ya Noah ingali ndani ya koti.
Mkuu wa kituo alitangulia kunipigia:
"Afande, huyu nikimwandika hapa, kesho ni mahakamani.
Una nafasi?"
Nafasi! Mashine mbili za kuchomelea,
miwani nne za giza, moja ina ufa.
Nikasema, mlete.

Mwenye gari naye akaja, Mwalimu Ndossi,
mate yakimruka: "Mnawafuga hawa!
Kesho watanivunjia nyumba!"
Sikubishana. Nikamuuliza, nyumba yako ina geti?
"La mbao. Limeoza."

Tukaandika, ukurasa ule ule wenye matundu:
chuma atatoa mwenye nyumba,
jasho atatoa mwenye kosa.
Kijana alitia sahihi kwa herufi kubwa
kama anayeandika ukutani usiku.

Wiki ya kwanza alichelewa mara tatu.
Ya pili aliunguza kidole, akakificha mfukoni
kama alivyoficha kile kioo.
Ya tatu akaniuliza,
"Bibi, hiki kitabu kinapelekwa kwa hakimu?"
Hakiendi popote, nikamwambia. Wa kwenda ni wewe.

Sitawadanganya.
Shedraki yuko ukurasa wa kumi na mbili,
mistari yake mitupu tangu Pasaka.
Nilimpelekea sabuni na sukari Kisongo;
alizungumza na viatu vyangu.
Jina lake sijalikata.

Geti la Mwalimu limesimama Sanawari,
bawaba ya chini inalia kidogo.
Lomayani hupita na kopo la grisi.
Hakuna aliyemtuma.

Na mimi, kila jioni, safu ya "kutoka",
naandika kwa wino:
Lomayani. Saa kumi na moja na nusu.
Nyumbani.