Robo ya Asilimia

Redio ya jikoni imesema saa sita mchana:
Benki Kuu imepandisha riba, robo tu ya asilimia.
Sauti ya mtangazaji laini, kama ya nesi
anayekwambia utasikia kidogo, kama mbu.

Mimi robo naijua.
Nimelelewa Pongwe kwa robo:
robo ya mafuta ya taa kwenye chupa ya soda,
robo ya sukari iliyofungwa kwa gazeti,
mwenye duka akigusa mizani kwa kidole
ili ishuke kabla haijatulia.
Robo ilikuwa kitu cha kumtuma mtoto,
akakimbia nayo, akarudi hajaimwaga.

Hii ya Leicester haibebeki.
Imekuja kwa bahasha yenye dirisha,
jina langu likichungulia humo, Mwanaidi Shekue,
kama mtu aliyefungiwa ndani.
Riba ya nyumba tuliifunga miaka miwili;
Novemba inafunguliwa.
Pauni mia mbili na kumi na nne kila mwezi, juu ya zile za zamani.
Nimesoma nimesimama, koti la kazi sijavua,
mikono bado inanuka sabuni ya kuogeshea wazee.

Mume wangu akachukua kalamu ya Idrisa, ya hesabu za shule,
akapiga mstari katikati ya karatasi.
Punguza nyama, akaandika. Punguza joto.
Alipofika kwenye "Tanga", yaani mama yangu,
kalamu ikabaki hewani.
Sikumwangalia.
Akairuka, akaandika: chai ya kazini, beba chupa.

Usiku, Waziri wa Fedha akasimama kwenye televisheni
mbele ya mlango mweusi unaong'aa,
akasema sote itabidi tukaze mkanda.
Nikajiuliza mkanda wake una matundu mangapi.
Wangu la mwisho nimelitoboa mwenyewe, kwa msumari.

Bwana Hasmukh, wa duka la Evington Road, mzaliwa wa Jinja,
ndiye anayenijazia ufunguo wa mita ya umeme.
Kiswahili chake kina vumbi la miaka hamsini.
"Mama, habari ya nyumba?"
"Nyumba ni ya benki, Bwana. Habari yake kaulize huko."
Akacheka mpaka miwani ikamshuka puani,
kisha akaacha, akanionyesha bili ya mafriji yake.
"Kule," alisema, "aliyetufukuza tulimjua sura.
Huyu wa sasa ni mstari kwenye mchoro. Unapanda tu."

Halafu upatu.
Tuko tisa; kijumbe ni Bi Mwanakombo,
anayefagia uwanja wa ndege usiku.
Jumapili akapiga: "Wanne mwezi huu hawana."
Hakulaumiwa mtu. Kila mmoja alikuwa anahesabu kimya,
ungeweza kusikia vidole.
Zamu yangu ni mwezi wa kwanza, nimeipangia boila;
inakohoa tangu Pasaka.
Nikasema: mpeni Salme, wake umeshafunguliwa, na ana mapacha.
Nikajuta kabla simu haijakatika.
Sikulirudisha neno, lakini nilijuta,
na boila ilikohoa usiku kucha, kwa makusudi.

Dada Mashavu kaniandikia: Mbona zimepungua?
Nimweleze vipi?
Kwamba pauni ilianguka Jumatatu
kwa hotuba ya mtu nisiyempigia kura,
na huko kwenu tozo imemega yake
kabla simu ya mama haijalia?
Nikamwandikia: Wakubwa wawili wamekula njiani.
Kilichofika ndicho kilichobaki.

Akatuma kicheko. Kikakaa pale peke yake kitambo.
Kisha: Na wewe, umekula?

Nimekula, nikaandika.
Ni saa tano usiku. Idrisa amelala na soksi na kofia.
Kwenye korido mita inasoma pauni nne na peni themanini.
Nilipoangalia tena, sabini na tisa.